Samaki Mkunje Angali Mbichi: Mwongozo Kamili wa Kuulinganisha Mpango Wako na Makusudi ya Mungu

Usiku wa tarehe 31 Desemba tunakesha. Tunaandika maono ya mwaka kwenye karatasi, tunayainua juu, mchungaji anaombea, saa sita ikigonga ni vigelegele. Ikifika Machi, muulize mtu karatasi yake iko wapi. Atacheka, kisha atabadilisha mazungumzo.

Nimeongoza ushirika wa nyumbani huku Mikindani, Mombasa, kwa miaka 9 na nimeyaona hayo mwaka baada ya mwaka. Wanaokwama hawakosi maombi. Wanaomba mpaka sauti zinakauka. Shida yao ni kwamba wanamletea Mungu mpango uliokwisha kukauka: arubuni imelipwa, shangazi kijijini ameambiwa, jina la biashara limeshachorwa ukutani. Kilichobaki kuombwa hapo ni muhuri tu. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mwongozo huu ni wa kumkunja mapema.

Hatua ziko 7. Usiruke hata moja. Ya pili na ya nne ndizo watu huziparaza, na ndiko wanakoangukia.

## Vitu utakavyohitaji

- Biblia nzima, yenye Agano la Kale. Ile ndogo ya Agano Jipya na Zaburi haitatosha.
- Daftari la kurasa 96.
- Penseli na kifutio. Kalamu iweke mbali, nitaeleza.
- Taarifa yako ya M-Pesa ya miezi 3 iliyopita.
- Majina ya watu 3. Usiwapigie simu bado.
- Siku 40 ambazo hutalipa arubuni, hutasaini kitu, wala hutatangaza lolote.

Hiyo ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote. Wenye nyumba wa Mombasa wana msemo wao: "Kuna mtu mwingine anaitaka, anakuja jioni." Mwache aje. Katika miaka hiyo yote nimewaona wachache sana waliojuta kwa kungoja siku 40, na waliojuta kwa kulipa siku ile ile siwezi kuwahesabu. Nami nimo.

## Hatua ya 1: Andika mpango ulivyo, bila kuupamba

Kaa mahali pa utulivu. Mimi hukaa kibarazani alfajiri, adhana ikishapita na matatu hazijaanza kupiga kelele. Andika kwa penseli mambo manne: unataka kufanya nini, lini, kwa pesa gani, na kwa nini.

Tatizo huwa kwenye "kwa nini". Mkristo akiulizwa, jibu huwa tayari mdomoni: "Ili nimtumikie Mungu zaidi." Likifute. Andika lile ambalo ungemwambia rafiki yako usiku mkiwa wawili.

Mama mmoja wa kikundi chetu anauza mahamri na mbaazi kwenye kibaraza cha nyumba yake. Alitaka kukodi chumba karibu na stage ya matatu afungue hoteli ya chakula. Mara ya kwanza aliandika: "Ili jina la Bwana litukuzwe kupitia biashara." Nikamwambia arudi tena. Juma lililofuata alileta karatasi nyingine: "Nimechoka kuitwa mama wa kibarazani. Nataka wifi yangu akija apate pa kukaa." Hilo lilikuwa neno la kweli, na si dhambi. Ni neno ambalo Mungu anaweza kuzungumza nalo. Lile la kwanza lilikuwa bango.

Penseli ni kwa sababu utafuta. Maneno ya kalamu mtu huyaonea huruma. Karatasi ikichafuka kwa kufutwa, unaendelea vizuri.

Utajua umefaulu ukiona aibu kidogo kumwonyesha mtu karatasi hiyo. Kama unaweza kuisoma kwenye kipaza sauti cha kanisa bila wasiwasi, bado hujaandika.

## Hatua ya 2: Chekecha kwa yale ambayo Mungu ameshasema

Watu wengi wanatafuta mapenzi ya Mungu kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Sehemu kubwa ya mapenzi hayo imeshaandikwa. Paulo anawaambia Wathesalonike waziwazi: mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwao (1 Wathesalonike 4:3), na kushukuru kwa kila jambo (5:18). Mika 6:8 inataja kutenda haki, kupenda rehema, na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako. Hakuna aya itakayokuambia ukodi chumba cha Mikindani au cha Changamwe. Zipo za kutosha zinazokuambia jinsi ya kukikodi.

Gawa ukurasa mara mbili. Kushoto andika *Ameshasema*, kulia *Hajasema*. Chukua kila kipande cha mpango wako ukiweke upande wake. Yanayoangukia kushoto hayaombewi, yanatiiwa au yanafutwa.

Maswali ya kuchekechea ni haya.

Je, mpango unahitaji uongo mahali popote? Hesabu pia uongo mdogo: risiti ya bei ya chini kwa ajili ya ushuru, barua ya mwajiri isiyo ya kweli kwa ajili ya mkopo, "chai" ya kumfungua mtu macho afisini. Kama mpango hausimami bila chai, umeshajibiwa. Usifunge siku tatu kuuliza.

Je, kuna mtu ambaye Mungu amekukabidhi, atakayelipa gharama yako? Katika Marko 7:9-13 Yesu anawakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Korbani ipo hata leo. Baba anahama nyumba kwa "wito" na watoto hawana karo. Mama yuko kanisani kila jioni na mgonjwa yuko ndani peke yake. Lugha ni ya kiroho, anayeumia ni yule asiye na sauti.

Hapa ndipo mpango wa mama wa mahamri ulipata doa la kwanza. Kwenye karatasi yake palikuwa na mstari: "Msichana atanisaidia saa kumi na moja mpaka saa mbili." Msichana wakati huo alikuwa kidato cha pili, na saa mbili masomo yameshaanza. Mstari huo ulihamia kushoto, ukafutwa, na mpango ukabaki na pengo la mikono miwili. Alikasirika kidogo. Ilikuwa haki yake.

Je, nina deni ambalo mpango huu unalikwepa? Fungua ile taarifa ya M-Pesa. Soma mstari kwa mstari, na uweke alama kwa kila mtu unayemdai na anayekudai. Chama cha akiba, jirani, duka la mangi, mkopo wa simu uliousahau. Huwezi kuanza shamba la pili ukiwa umekimbia la kwanza.

Tahadhari kuhusu mlango ulio wazi. Tumezoea kusema, "Mlango umefunguka, basi ni Mungu." Sisi wa mji wa bandari tungetakiwa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Yona alipoikimbia Ninawi aliteremka mpaka Yafa, akakuta merikebu inayokwenda Tarshishi, nafasi ipo, nauli anayo, akalipa, akaingia (Yona 1:3). Kila kitu kilikubali. Merikebu ipo kila siku. Iulize inaelekea wapi.

Tahadhari kuhusu aya za ukutani. Yeremia 29:11 imepamba sebule nyingi: mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ni neno tamu. Sasa anza kusoma kutoka mstari wa 4. Ni barua kwa watu waliotekwa Babeli. Wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji ule ule uliowateka, na mstari wa 10 unasema ni miaka 70. Kuna waliosomewa barua hiyo ambao wangezikwa ugenini. Ukiichukua ahadi, chukua na kalenda yake.

Utajua umefaulu ukiwa umefuta angalau kitu kimoja, na upande wa kulia umebaki na maswali machache ya kweli. Mara nyingi huwa mawili au matatu. Hayo ndiyo utakayoyaombea.

## Hatua ya 3: Yaweke mbele za Mungu kwa muda maalum

Nehemia alipopata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka ilikuwa mwezi wa Kisleu. Aliposimama mbele ya mfalme ilikuwa Nisani (Nehemia 1:1 na 2:1), yaani kama miezi minne. Na mfalme alipomuuliza anataka nini, hakusema "chochote utakachojaliwa". Alitaja muda. Akataka barua kwa maliwali, na nyingine kwa Asafu mtunza msitu, apewe miti. Miezi ile alikuwa anaomba, na ni wazi alikuwa anafikiri pia.

Fanya hivi kwa siku 21 za kwanza kati ya zile 40. Kila asubuhi soma sura moja, iwe ya Injili au ya Mithali, kwa mpangilio. Usifungue popote na kuweka kidole. Kisha taja yale maswali ya upande wa kulia, moja moja, kwa sauti. Malizia kwa maneno ya Gethsemane: si mapenzi yangu, bali yako yatendeke (Luka 22:42). Kisha nyamaza dakika tano. Andika kilichobaki moyoni, hata kama ni "nimefikiria bei ya unga".

Usiombe ishara za simu kulia, ndege kutua, au gari jeupe kupita. Gideoni aliweka ngozi ya kondoo nje usiku akiomba ishara (Waamuzi 6), lakini kabla ya ngozi alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Ngozi ilikuwa ya hofu yake, Mungu akamvumilia.

Tahadhari kuhusu kufunga. Sisi watu wa Pwani hatuwezi kuzungumzia jambo hili kijuujuu tena. Mwaka 2023, kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wameambiwa wafunge wakamwone Yesu. Kwa hiyo kikundini tuna sheria. Kufunga ni mlo mmoja au miwili, maji yanaywewa. Mwenye sukari, presha ya dawa, vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha na mtoto hawafungi chakula, wafunge simu. Na mtu yeyote akikukataza kula, kunywa dawa au kuwaambia jamaa zako uko wapi, ondoka hapo leo na uripoti.

Utajua umefaulu wakati swali lako limeanza kubadilika. Mama wa mahamri alianza na "Bwana, nipe chumba." Siku ya 14 daftari lake lilikuwa na: "Bwana, nataka chumba au nataka kutoka kibarazani?" Hakupata jibu siku hiyo. Alipata swali zuri zaidi, nami naliona hilo ni jibu nusu.

## Hatua ya 4: Watafute washauri watatu, na uwachague vizuri

Mithali 15:22 inasema pasipo mashauri makusudi hubatilika. Tatizo la Kanisa la leo ni kwamba tunaita mashauri kile ambacho ni makofi. Tunawauliza wanaotupenda, kwenye kundi la WhatsApp, na majibu 43 yanasema "Amina".

Wachague hivi:

1. Anayeijua kazi. Hata kama haji kanisani. Hata kama ni Mwislamu. Ukitaka kununua tuktuk, mwenye tuktuk wa miaka 6 ana neno ambalo askofu wako hana.
2. Anayekujua wewe. Aliyekuona ukianzisha mambo na kuyaacha. Mke au mume wako anahesabiwa hapa, na kama umeoa au umeolewa na hujamuuliza, rudi hatua ya 2.
3. Asiye na faida yoyote. Haupi mpango wako mkopo, hakuuzii kiwanja, hapati fungu la kumi likiongezeka. Ukisonga mbele au ukisimama, kwake ni mamoja.

Wape karatasi yenyewe, ile chafu. Usiwaulize "mnaonaje?" Uliza: "Ni wapi hapa mimi sioni?" Kisha funga mdomo. Ukijikuta unaanza na "lakini", andika hiyo lakini kwenye daftari badala ya kuisema. Utashangaa zitakavyofanana.

Mshauri wa kwanza wa mama wa mahamri alikuwa mzee aliyewahi kuendesha hoteli miaka mingi. Aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna mengine, akauliza neno moja: "Maji?" Mama hakuwa ameandika maji. Pale kibarazani anatumia tangi la nyumbani. Chumba cha karibu na stage hakina tangi, mfereji unatoa siku unapotaka wenyewe, na hoteli inaosha vikombe kutwa. Mzee akamfanyia hesabu ya mitungi ya mkokoteni papo hapo, kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Nilikuwepo. Yule mama alinyamaza kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa.

Maono hayakutoka mbinguni siku ile. Yalitoka kwa mzee aliyewahi kununua maji.

Je, mchungaji? Mwambie, ndiyo, akuombee. Lakini kumbuka 2 Samweli 7. Daudi alimweleza Nathani nia ya kumjengea Mungu nyumba. Nathani alikuwa nabii wa kweli, naye akamjibu aende akafanye yote yaliyo moyoni mwake, kwa kuwa Bwana yu pamoja naye. Usiku ule ule neno la Bwana likamjia Nathani: hapana, si Daudi atakayejenga. Nathani akarudi na kulisema lililo kinyume na alilolisema jana. Uungwana wa nabii yule uko katika kurudi. Kama mtumishi wako hawezi kurudi, usimpe mzigo wa kukuamulia.

Tahadhari: Anayetaka "mbegu" ya shilingi kadhaa ndipo akufunulie mpango wa Mungu juu ya maisha yako, huyo ana mpango wake. Wewe ni mmoja wa vifaa vyake.

## Hatua ya 5: Hesabu gharama

Fupi hii, kwa sababu ni hesabu tu. Yesu mwenyewe anauliza ni nani atakaye kujenga mnara asiyeketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Angalia neno "akaketi". Hesabu haifanywi ukiwa umesimama stage na simu sikioni.

Andika gharama ya kuanza, gharama ya kila mwezi, na pesa ya kuishi miezi 3 bila faida. Weka leseni ya kaunti, na kama ni chakula, vyeti vya afya vya kila anayekishika. Weka gudwili, yaani pesa ya kuachiwa chumba au kibanda, kama eneo lako wanatoza. Weka nauli yako, watu huisahau. Weka sadaka, na weka pia siku ya mapumziko, kwa sababu mpango unaokula kila Jumapili umeamua jambo ambalo hukuliamua wewe.

Imani haianzi pale hesabu inapoishia kwa uvivu. Ukikuta pengo la elfu 30, andika "pengo elfu 30". Sasa unajua unachokiomba.

Utajua umefaulu ukiweza kumwambia mtu mmoja tarakimu kamili bila kusema "kama" au "hivi".

## Hatua ya 6: Piga hatua ndogo inayoweza kurudi

Siku ya 25 mpaka ya 40 ni za majaribio. Fanya kipande kidogo cha mpango ambacho kikiharibika hutauza friji.

Paulo alikuwa na mpango. Alitaka kuhubiri Asia, akakatazwa na Roho. Akajaribu Bithinia, Roho wa Yesu hakumruhusu. Akateremka Troa, na usiku huko akaona mtu wa Makedonia akimsihi avuke (Matendo 16:6-10). Sikia: hakukaa kitandani kungoja maono. Alikuwa njiani, anajaribu mlango huu na ule, tayari kuambiwa hapana. Chombo kilichotia nanga hakigeuzwi kwa usukani.

Na haya si ya Biblia peke yake. Krapf, mmisionari Mjerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844 macho yake yalikuwa kwa Waoromo, huko kaskazini. Mwaka huo huo alimzika hapa mkewe na mtoto mchanga. Kwa Waoromo hakufika alivyotaka. Alikwenda Rabai mwaka 1846, akaketi, akaandika maneno ya Kiswahili, na kamusi yake ilitoka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Sidhani alipokuwa anapanda meli kuja huku alijua ni kamusi anayoifuata.

Mifano ya hatua ndogo:

- Unataka kuhamia bara kuhudumu? Nenda juma mbili kwa likizo yako, ulale huko, upike huko.
- Unataka kazi ya Ghuba? Kabla ya kumpa wakala hata shilingi, hakikisha amesajiliwa, omba mkataba kwa lugha unayoisoma, na uzungumze na watu wawili waliorudi. Wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa shemeji ya wakala.
- Unataka kuanza huduma ya vijana? Fundisha vijana 4 kwa majuma 2, bila jina, bila fulana.

Mama wa mahamri alifanya hivi: badala ya kukodi, alipeleka ndoo moja ya mahamri kwa hoteli moja ya Changamwe kila alfajiri, kwa majuma mawili. Unga aliukanda usiku kama kawaida, tui na iliki, akaufunika, ukaumuka yeye amelala. Saa kumi akakaanga. Saa kumi na mbili ndoo iko njiani na kijana wa boda, na msichana anavaa sare bila haraka. Juma la pili hoteli ikataka ndoo mbili. Ya jirani ikaulizia.

Tahadhari: Jaribio likienda vizuri, usilitangaze kama ushuhuda bado. Ushuhuda ukishatolewa mbele ya watu 200, unageuka kamba. Unabaki kuulinda ushuhuda badala ya kuufuata ukweli.

## Hatua ya 7: Weka tarehe ya kukagua

Yakobo anatufundisha kusema, "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi" (Yakobo 4:15). Majirani zetu husema inshallah kutwa kucha, nasi tunasema Mungu akipenda. Ni neno zito, na tumelifanya jepesi. Fundi akikuambia inshallah kesho, wewe mwenyewe unajua unatafuta fundi mwingine. Yakobo hakuwa anafundisha njia ya heshima ya kukwepa jibu. Alikuwa anazungumza na wafanyabiashara waliopanga mwaka mzima, mji, na faida, na akawaambia waache nafasi ya Mungu ndani ya mpango.

Nafasi hiyo huwekwa kwenye kalenda. Chagua siku moja ya mwezi. Siku hiyo toa karatasi, soma maswali ya hatua ya 2 tena, na uandike moja kati ya haya matatu: *endelea*, *badili*, au *simama*. Ukiandika *simama*, andika na lini utatazama tena.

*Simama* inauma, lakini si lazima iwe kupoteza. Daudi alipoambiwa hapana, hakununa. 1 Nyakati 22 inamwonyesha akikusanya mawe, chuma, shaba na mierezi isiyo na hesabu, ili mwanawe apate pa kuanzia. Aliiona nyumba moyoni mwake, ingawa mjenzi angekuwa mtu mwingine. Kuna mipango ambayo sehemu yetu ni kuleta mawe.

Utajua umefaulu baada ya miezi 3 ukiwa na kurasa tatu zenye tarehe, na angalau moja haisemi *endelea*.

## Ukikwama

Siku 21 zimeisha na sisikii chochote. Kama upande wa kushoto uko safi, washauri hawajakuzuia na hesabu inakubali, nenda hatua ya 6. Kimya si katazo. Uko huru kuchagua kwa hekima.

Washauri wanapingana. Waulize kila mmoja anaogopa nini. Mara nyingi wanakubaliana juu ya jambo, wanatofautiana juu ya wakati.

Mume wangu hataki kusikia. Usimletee aya. Mletee hesabu ya hatua ya 5, mkiwa mmekula. Akikataa, ngoja mwezi mmoja kisha mrudie. Kama nyumbani kuna kipigo au unyang'anyi wa pesa zako, hilo ni jambo jingine kabisa na mwongozo huu hautoshi: zungumza na mtu anayeweza kukulinda.

Nimeshalipa. Hili naulizwa kuliko yote, na nalijua kwa ngozi yangu. Niliwahi kuchukua kibanda cha mitumba sokoni Kongowea. Nililipa gudwili na kodi ya miezi mitatu, nikanunua robota mbili kwa pesa za chama, kisha ndipo nikampelekea mchungaji funguo aziombee. Funguo, si mpango. Miezi sita baadaye nilikuwa nauza hangers.

Kama umeshalipa, fanya hatua zote saba vilevile, kuanzia ya kwanza, leo. Ila ongeza mstari mmoja juu ya ukurasa: *Kiasi nilichokwisha kulipa ni hiki, na sitakihesabu tena ninapoamua.* Andika tarakimu hiyo, uizungushie duara. Kila unapojikuta unasema "lakini nimeshaweka pesa", kitazame kile kiduara, kisha rudi kwenye swali. Mimi kiduara changu nilikichora mwezi wa tano, nikakaa nacho juma moja, nikarudisha kibanda mwezi wa sita na nikawalipa chama kidogo kidogo mpaka mwaka uliofuata. Karatasi ile bado ninayo. Pale palipokuwa na neno *kibanda* pamefutwa mpaka pametoboka.